Hajambo, Amekula Vizuri

Kazi yangu ya kwanza ya maana mjini Birmingham ilikuwa kumwosha mwanafalsafa. Nasema hivi kwa kujigamba, maana ndugu zangu wa Unguja walipouliza nafanya nini Ulaya, niliwaambia niko na profesa, nao wakadhani nimerudi shule. Sikuwasahihisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa mtunzaji wa wazee majumbani. Kampuni inakupa orodha ya nyumba, unapanda basi, unamwamsha mzee, unamwosha, unampa chai na dawa, kisha unaandika kwenye daftari linalokaa mezani kwake ulichofanya na hali uliyomkuta nayo. Halafu unakimbilia basi jingine.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu vijana wa Kipolandi walikuwa wakimiminika mjini, na maduka yao ya soseji na kabichi chachu yalikuwa yakifunguliwa kila kona. Kwa hiyo nilipoambiwa mteja wangu mpya wa mtaa wa Moseley ni Mpolandi, nilitegemea mtu mgeni kama mie. Nikamkuta bibi wa miaka sabini na kitu, ameishi Birmingham zaidi ya miaka ishirini, anaijua mitaa kuliko dereva wa basi. Alikaa chumba cha chini katika jumba la matofali mekundu lililogawanywa vipande vipande, na vitabu vyake vilikuwa vimepanga foleni hadi chooni.

Siku ya kwanza alikataa kuoga.

"Sivui nguo mbele ya mtu ambaye sijui anafikiri nini," alisema.

Nikamwambia nafikiri maji yanapoa. Akanitazama, akacheka kwa sauti ya mtu aliyevuta sigara miaka mingi, akanyoosha mikono juu nimvue sweta. Tangu hapo hatukusumbuana tena kwa hilo.

Jina lake lilikuwa na konsonanti nyingi zilizopangwa bila huruma, na nilipojaribu kulitamka alifumba macho kama aliyekanyagwa kidole. Tukakubaliana nimwite Mwalimu. Naye alinitafutia cheo: kwa kuwa chai yangu ilikuwa na iliki, tangawizi na sukari ya kutosha watu watatu, akaniita Mama Chai. Kila siku aliilalamikia sukari, na kila siku alimaliza kikombe.

Maisha yake nilisimuliwa kwa vipande, huku nikimsugua: utoto wake wakati wa mguu wa kushoto, chuo kikuu wakati wa mgongo. Mama yake alikuwa mshonaji, baba yake hakurudi vitani. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo, akasoma falsafa, akabaki kufundisha. Alichofundisha, ukikitoa maneno makubwa, kilikuwa kitu kimoja: serikali ya uongo haisimami kwa uongo mkubwa wa wakubwa, inasimama kwa uongo mdogo mdogo wa watu wa kawaida, wa kila siku, wa kusema ndiyo ilhali ni siyo.

Basi siku moja wakubwa wa chuo wakaleta karatasi. Mwalimu mwenzao mmoja alikuwa amefukuzwa, na karatasi ilisema ni mtu hatari kwa wanafunzi. Wote watie sahihi. Wenzake wakatia mmoja mmoja, wengine bila hata kukaa chini. Yeye akaomba asome. Akaisoma mara mbili, akaweka kidole na kusema, "Mstari wa tatu si kweli," kisha akairudisha mezani. Wiki ile ile kazi ikaisha.

Akauza tiketi kwenye jumba la sinema. Jioni alifundisha sebuleni kwa watu, wanafunzi wamekaa sakafuni na viatu vyao vimefichwa ili jirani asivihesabu mlangoni. Vipeperushi vya upinzani walivichapa bafuni, na wino ulipokosekana waliuongeza kwa sabuni laini ya kuoshea vyombo. Alifungwa miezi kumi na moja. Alipotoka, wakampa ruhusa ya kuondoka ya safari moja, asirudi. Ndivyo alivyofika hapa na sanduku moja, akaishia kufundisha madarasa ya jioni kwa madereva, wauguzi na mafundi wa viwandani. Aliandika kitabu kimoja chembamba ambacho, kwa maelezo yake mwenyewe, kilisomwa na watu wachache wenye miwani.

Lakini hakutulia. Popote wafagiaji au wapishi walipodhulumiwa, alikwenda kusimama na bango. Nilimwona pichani nje ya lango la kiwanda kimoja Tyseley, amevaa kofia ya manyoya, katikati ya kinamama wa Kipunjabi wenye makoti mazito juu ya shalwari. Wote wamenuna isipokuwa yeye.

"Hapa ulikuwa unacheka nini?" nilimwuliza.

"Nilikuwa napiga kelele mbele ya polisi, na polisi ananiuliza kama nahisi baridi," alisema. "Ilikuwa siku ya raha sana."

Nilimpenda. Sioni haya kuandika hivyo. Nilikuwa nimemzika mama yangu kwa simu, na hapa nimepata mzee wa kubishana naye.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwezi wangu wa pili kwake nilimkuta ameanguka jikoni. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea friji, anasoma gazeti kuukuu alilolitoa kwenye droo. Nikamwinua, nikambadilisha, nikampa chai. Kisha nikafungua daftari, mahali palipoandikwa hali ya mteja, na mkono wangu ukaandika wenyewe: Hajambo. Amekula vizuri. Amefurahi. Niliandika Kiingereza, lakini roho ilikuwa ya Kiswahili.

Hakuniomba nimfiche. Niliamua mwenyewe, na wala sikuona kama nimeamua kitu. Nimekulia nyumba ambayo bibi yetu alipoanza kusahau na kujikojolea, mama alitukalisha watoto wote na kutuambia hilo halitoki mlangoni. Mgeni akipiga hodi, bibi alibadilishwa kanga, akapakwa uturi, akakalishwa kitako barazani, na mgeni akiuliza hali alijibiwa kabla bibi hajafungua mdomo: hajambo, amekula vizuri. Kumsitiri mzee kwetu ni sehemu ya kumwosha. Maji peke yake hayatoshi.

Basi nikamsitiri Mwalimu. Alipoacha jiko linawaka na sufuria ikaungua hadi kuwa makaa, niliitupa kwenye pipa la jirani na kuandika: Amepika supu. Alipoanguka mara ya pili niliandika: Amefanya mazoezi kidogo. Alipokunywa dawa za Jumanne siku ya Jumatatu, na za Jumatatu asizione tena, niliandika: Anapenda dawa zake. Miezi saba nilijaza daftari zima hivyo, kwa mwandiko mzuri, nikijiona mtu mwema.

Meneja wetu alikuwa Singasinga mzaliwa wa Nakuru, kilemba cha buluu, Kiswahili chake cha Kenya hakijachujuka hata baada ya miaka thelathini ya mvua za huku. Asubuhi moja aliniita ofisini, daftari langu, lililochukuliwa kukaguliwa, liko mbele yake.

"Mama, kuja ukae. Hii log yako nimesoma yote. Huyu mama ni mgonjwa ama ni athlete?"

"Ni mzee, bosi."

"Mzee wapi! Miezi saba everything iko sawa. Hata mimi siko sawa hivi." Akafunua ukurasa. "Amefanya mazoezi kidogo. Mazoezi gani?"

Nikakunja mkanda wa mkoba wangu.

"Watu wa council wameisoma. Wanasema mtu fiti namna hii hahitaji carer. Wanataka kukata visits zote. Unaelewa hiyo maana yake?"

Nilielewa. Council, yaani halmashauri ya mji, ndiyo iliyolipia ziara zangu. Bila mtu wa kumwinua, mwanguko mmoja mbaya ungetosha, angepelekwa kwenye nyumba ya wazee, kitanda kimoja na kabati moja, na vitabu vyake vingeishia kwenye mifuko. Alishaniambia hicho ndicho kitu pekee anachokiogopa kilichobaki. Nami ndiye niliyemwandikia njia ya kwenda huko, kwa mwandiko mzuri.

"Bosi, wewe ni mtu wa kwetu," nilisema. "Unajua mzee hasemwi."

"Najua sana. Hata mama yangu hatumsemi." Alivua miwani, akaipangusa. "Lakini mama yangu anakaa na sisi watu tisa kwa nyumba. Huyu wako anakaa na nani?"

Akalifunga daftari, akanisogezea nilirudishe kwa mwenyewe.

"Review ni Alhamisi, hapo kwake," alisema. "Uende useme vile iko. Mimi nitasema hii log ni makosa ya ofisi, hatukukufunza vizuri. Lakini ukidanganya tena, sitaweza kukusaidia."

Kwenye basi nililia, nikajifuta, nikajikasirikia, nikalia tena. Bibi mmoja wa Kijamaika kiti cha mbele alinipa peremende bila kuuliza kitu. Nilipofika Moseley nilisimama mbele ya Mwalimu na koti langu mwilini, nikamweleza yote, kutoka jikoni hadi council.

Alilitazama daftari mkononi mwangu. Kisha akasema, "Nisomee."

Nikamsomea. Hajambo, amekula vizuri. Hajambo, amefurahi. Amepika supu. Nilipofika kwenye mazoezi alianza kutetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, hata ikabidi nimpigepige mgongoni.

"Kwetu," alisema akipata pumzi, "mtu mwenye faili safi hivi angefanywa waziri."

Halafu akanituma nimletee kikombe, na huku anakishika kwa mikono yote miwili akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia bafuni. Serikali ile ilipoanguka, watu waliruhusiwa kuomba kusoma majalada waliyoandikiwa na polisi wa siri. Alirudi kwao kusoma lake. Akakuta kwamba kwa miaka minne, mama aliyekuwa akisafisha ngazi za jengo lao alikuwa amelazimishwa kuandika ripoti juu yake kila wiki. Mama yule alikuwa akiwaona wanafunzi wakipanda. Ndoo yake ilikuwa mlangoni pa bafu lenye wino. Na kila wiki aliandika mistari ileile: Amekwenda sokoni. Amerudi. Hakuna mgeni. Analalamika juu ya mafua.

"Wiki mia mbili za mafua," alisema Mwalimu. "Na mie nilikuwa simwamkii vizuri. Nilimwona mtu anayeogopa ogopa tu. Nilipokwenda kumtafuta, alikuwa ameshakufa. Sikumwambia asante."

Nikamwuliza sasa falsafa yake ya uongo mdogo mdogo imekwenda wapi.

"Iko palepale, ina aibu kidogo," alisema. "Yule aliwaandikia watu waliotaka kunitoa nyumbani kwangu. Wewe umewaandikia watu wanaouliza kama naweza kubaki. Ungejiuliza kwanza anayesoma ni nani, Mama Chai." Akanipa kikombe. "Alhamisi tutasema kweli. Hiyo ni kazi yangu ya maisha yote, usiwe na wasiwasi."

Nami mjinga nikaamini.

Alhamisi aliniamuru nimvalishe gauni la kijivu na bruchi ya kaharabu kifuani. Nikamchana nywele. Afisa wa council alifika kwa baiskeli, binti mpole, pua nyekundu kwa baridi, fomu ndefu mkononi. Nikamkaribisha chai, akakubali, tukakaa.

"Unaweza kujipikia?" aliuliza.

"Tangu enzi za vita," alisema Mwalimu.

"Na kuoga?"

"Kwani nanuka?"

Binti akacheka kwa adabu na kuandika kitu. "Umewahi kuanguka miezi hii ya karibuni?"

"Mwanangu, mie nimepita jela. Sakafu hainitishi."

Nilimtazama nisiamini. Alikuwa amenyoosha shingo, bruchi inang'aa, ana sura ya mtu anayejibu mpelelezi. Mwanamke aliyekataa kusema uongo mbele ya serikali nzima alikuwa akimdanganya binti wa baiskeli, kwa kuona haya tu, kama bibi yangu barazani. Tofauti ni kwamba bibi yangu alikuwa na sisi nyuma ya pazia. Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama yangu na uturi wake, nikajikasirikia mie.

"Si kweli," nilisema.

Sijawahi kumkatiza mzee mbele ya mgeni, kabla ya siku ile wala baada yake. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Nikasema ameanguka mara tano, na sikuandika hata moja. Nikasema hawezi kutoka bafuni peke yake. Nikasema dawa anazichanganya, na jiko analisahau, na nimetupa sufuria tatu zilizoungua kwenye pipa la jirani. Nikasema Jumatatu iliyopita nilimkuta sakafuni na nguo zimelowa, na aliniambia amekaa pale anafikiri. Nikasema daftari lote ni uongo wangu na lisimhukumu yeye. Kisha nikajifuta machozi kwa mkono wa sweta, bado nina hasira.

Mwalimu alikuwa anatazama dirishani. Masikio yake yalikuwa mekundu. Binti aliandika muda mrefu bila kuinua kichwa, na namshukuru kwa hilo. Alipomaliza alisema kwa upole kwamba kwa hali hii ziara hazitakatwa, zitaongezwa hadi tatu kwa siku. Lakini lazima mteja mwenyewe atie sahihi kwamba anakubali yaliyoandikwa. Bila sahihi hawezi kupeleka kitu.

Akaiweka fomu mezani, na kalamu juu yake.

Nilijua karatasi mezani kwa Mwalimu ni kitu gani. Nilijua kazi iliyopotea na miezi kumi na moja. Na sasa anapewa karatasi inayosema hawezi kuoga, hawezi kupika, anajikojolea, nayo imesemwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimpa jina la chai.

"Nipe kioo changu," alisema.

Nikamletea kile kioo cha kukuzia maandishi. Akaanza kusoma. Alisoma kila neno, kidole kinatembea chini ya mstari, midomo inacheza. Binti alitazama saa, akainamisha macho. Chai ilipoa. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma mara ya pili. Kisha kidole kikasimama.

"Mstari wa tatu si kweli," alisema.

Niliona mifuko. Niliona vitabu vikitolewa nje.

"Umeandika sufuria tatu," alimwambia binti. "Mama Chai anajua tatu. Zilikuwa nne. Moja iko chini ya kitanda changu."

Binti alikata tatu, akaandika nne. Mwalimu akalisoma tena hilo badiliko kwa kioo, akachukua kalamu na kutia sahihi yake ndefu, konsonanti zote, bila haraka.

Binti alipokwisha kuondoka na baiskeli yake, nilipiga magoti nikachungulia uvunguni. Sufuria ilikuwepo kweli, nyeusi, imefungwa ndani ya sweta. Tukacheka wote wawili, yeye kitandani na mie sakafuni, kicheko cha watu waliokoswa na gari. Kisha akaomba daftari.

"Leo naandika mie," alisema.

Aliandika mistari michache kwa lugha yao, akalifunga, na hakukubali kunitafsiria. Isipokuwa kwa ofisi, daftari haliruhusiwi kutoka nyumbani kwa mteja, basi nilinakili herufi moja moja kwenye kipande cha karatasi, pamoja na vimkia vyake vyote, na siku yangu ya mapumziko nikakipeleka kwenye duka moja la Kipolandi kule Digbeth. Msichana wa kaunta alipangusa mikono, akasoma kimoyomoyo, akanitazama usoni, kisha akanisomea kwa Kiingereza chake kipya, polepole:

"Hali ya mteja: ya kweli. Mwanamke huyu amenisitiri miezi saba na leo amenianika. Yote mawili alinifanyia mie, na yote mawili yamemwumiza. Safari hii nimewahi: asante. Sukari imezidi."

Nilinunua mkate mweusi ambao sikuuhitaji, nikapanda basi la Moseley ingawa haikuwa zamu yangu, na chai ya alasiri ile nikaitia sukari ileile.